Dozi ya mgonjwa iandikwe: Barua ya wazi kwa Tume ya Nguvu za Atomu, Wizara ya Afya na TAMISEMI

Kata ya Mkange,
Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze,
Mkoa wa Pwani.

Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC),
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

YAH: KUPIMA NA KUANDIKA DOZI YA MIONZI ANAYOPATA MGONJWA KWENYE EKSIREI NA SITI SKANI

Waheshimiwa,

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati, na nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili haliwezi kumalizwa na malalamiko ya mtu mmoja kwenye dirisha la mapokezi. Linawahusu wote wanaoingizwa chumba cha eksirei, wakaambiwa vuta pumzi, shika hapohapo, kisha wakatoka na picha mkononi bila kujua mwili umepokea mionzi kiasi gani.

Sipingi eksirei. Bila eksirei mfupa uliovunjika huungwa upande, kifua kikuu hukawia kugundulika, na bila siti skani majeruhi wa bodaboda anayevuja damu ndani ya fuvu hufa huku ndugu wakidhani amelala. Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hii mwezi Novemba 1895, imeokoa watu wasiohesabika. Anayemzuia mgonjwa asipimwe kwa kuogopa mionzi anaweza kumdhuru kuliko mionzi yenyewe. Ninachokipinga ni kupima mwili wa mtu kwa mionzi bila kuipima mionzi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ndiyo mali kubwa ya watu wa huku, na katika jambo hili daftari halipo. Hoja zangu ni hizi.

1. Mtumishi ana beji, mgonjwa hana kitu

Nchi yetu haikuanza jana kujihadhari na mionzi. Sheria ya mwaka 1983 ilileta Tume ya Taifa ya Mionzi, na Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003 ikaleta TAEC tuliyonayo. Mteknolojia wa mionzi huvaa kifuani beji ya kupimia mionzi. Beji hiyo hukusanywa na kusomwa, na dozi yake hulinganishwa na ukomo unaokubalika duniani, ambao ni milisivati (kizio cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5. Mwananchi wa kawaida, kwa mionzi itokanayo na shughuli za wengine, amewekewa milisivati 1 kwa mwaka.

Mgonjwa hakuwekewa ukomo, na hilo ni sawa. Hakuna wa kumwambia majeruhi wa ubongo kwamba mgawo wake wa mwaka umekwisha. Lakini kwa kuwa hana ukomo, amebakiwa na kinga mbili tu: kipimo kiwe na sababu ya kitabibu, na mionzi isizidi ile inayomtosha daktari kuona anachokitafuta. Kinga hiyo ya pili bila kupima ni maneno matupu. Huwezi kusema mionzi haikuzidi kama hujui ilikuwa kiasi gani.

Kwa hiyo tumefika mahali ambapo anayesimama nyuma ya ukuta wa kinga anahesabiwa, na anayelala mbele ya mashine, aliyeelekezewa mionzi makusudi, hahesabiwi.

2. Namba ipo tayari, ila inaachwa ndani ya mashine

Nikieleza haya huambiwa kwamba kupima dozi ni kazi ya wataalamu wachache wenye vifaa vya gharama. Kwa siti skani si kweli. Mashine yenyewe huonyesha namba mbili kwenye skrini, kabla na baada ya kupiga: CTDI, yaani ukali wa mionzi katika kila kipande cha mwili, na DLP, yaani ukali huo ukizidishwa kwa urefu wa sehemu iliyopigwa. Mtu mzima akipigwa tumbo na DLP ikasoma 600, zidisha kwa 0.015, unapata takriban milisivati 9. Kwa kichwa kizidisho ni kama 0.002, kwa hiyo DLP ya 1,000 ni karibu milisivati 2. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi.

Eksirei ya kawaida nayo ina njia yake. Baadhi ya mashine zimefungwa kipimo kwenye mdomo wa bomba la mionzi. Zisizo nacho, dozi hukokotolewa kutokana na nguvu ya umeme, muda na umbali wa mgonjwa, mradi kiasi cha mionzi kinachotolewa na mashine hiyo kimeshapimwa. TAEC ina maabara Arusha ya kusawazisha vifaa vya kupimia mionzi. Ujuzi huo hautoki mbali.

Na tofauti kati ya kipimo na kipimo ni kubwa mno kuachwa bila kuandikwa. Eksirei moja ya kifua iliyopigwa vizuri huwa karibu milisivati 0.02, sawa na siku chache za mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na kwenye chakula, ambayo wastani wake duniani ni milisivati 2.4 kwa mwaka. Eksirei za kiuno hufika kama milisivati 1.5. Siti skani ya tumbo huzunguka kwenye 8, yaani sawa na eksirei za kifua 400. Mgonjwa wa kijijini huambiwa kwamba zote ni picha, na anaamini zinafanana.

Namba hii ya milisivati, nakiri, si hukumu ya saratani. Imekadiriwa kwa mwili wa wastani, haisomi mwili wa fulani bin fulani. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba milisivati 10 huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa takriban 1 kati ya 2,000, juu ya uwezekano ambao kila binadamu tayari anao. Kwa mgonjwa mmoja mwenye sababu ya kupimwa, hilo ni dogo na faida yake ni kubwa. Kwa taifa zima, mwaka baada ya mwaka, na kwa vipimo ambavyo havikuhitajika, hao ni watu.

3. Picha nzuri inaweza kuficha dozi kubwa

Enzi za filamu, mionzi ikizidi picha iliungua ikawa nyeusi, na aliyepiga akajua amepitiliza. Mashine za kidijiti hazisemi hivyo. Mionzi ikipungua, picha hujaa chengachenga na daktari hulalamika. Ikizidi, picha hutoka safi na daktari husifu. Mteknolojia mwenye foleni ya watu mlangoni, asiyetaka kurudishiwa picha, hujikuta anapandisha kidogo leo na kidogo kesho. Ndivyo dozi zilivyopanda katika hospitali nyingi duniani baada ya filamu kuondoka, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Serikali imesambaza mashine za kidijiti, na tunaishukuru kwa moyo mweupe. Hata hivyo, jicho lililokuwa likitambua mionzi iliyozidi kwenye filamu halitambui tena. Kilichobaki ni namba, na namba isiyosomwa haimkingi mtu.

4. Safari ya rufaa inarudia mionzi

Mtu wa huku akiumia, safari yake huanzia zahanati, ikaenda kituo cha afya, ikafika hospitali ya wilaya, na jambo likiwa zito huishia Kibaha au Dar es Salaam. Kila kituo kina mashine yake na mfumo wake, na kila daktari anataka kuona kwa macho yake.

Mpwa wangu, binti wa kidato cha pili, aligongwa na pikipiki akitoka shule. Hospitali ya kwanza ilimpiga eksirei za nyonga na kiuno. Ya pili ikasema picha hazionekani vizuri, zipigwe upya. Ya tatu ikasema kompyuta zao hazisomi diski tuliyobeba, ikapiga upya tena, kisha ikaongeza siti skani. Sizitaji hospitali hizo, maana habari hiyohiyo nimeisikia kwa majirani waliopita njia nyingine kabisa. Barua yake ya rufaa iliorodhesha kila dawa aliyopewa, hadi chupa za dripu. Kuhusu mionzi hapakuwa na neno hata moja. Tulilipa mara tatu kwa picha zilezile, na mwili wa mtoto ukalipa mara tatu.

Nilimuuliza mteknolojia mmoja, “Mwanangu, hapa amepata mionzi kiasi gani?” Akanijibu kwa upole, “Mzee wangu, ni kidogo tu, usiwe na wasiwasi.” Simlaumu kijana yule. Hakuna fomu iliyomtaka aandike, hakuna mkubwa wake aliyewahi kumuuliza. Lakini “kidogo tu” si kipimo. Tusingekubali kuandikiwa hivyo kwenye karatasi ya sukari au ya presha.

5. Mtoto si mtu mzima mdogo

Chembe za mwili wa mtoto zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele yake ambamo madhara yanaweza kujitokeza. Mwili wake mwembamba hauhitaji mionzi ya mtu mzima, na mashine ikiachwa kwenye mpangilio wa mtu mzima humpa zaidi ya inayohitajika.

Hili limechunguzwa kwa watu wengi. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha katika jarida la Lancet kwamba watoto waliojikusanyia dozi kubwa za siti skani walikuwa na hatari iliyoongezeka ya saratani ya damu na uvimbe wa ubongo. Mwaka 2023 utafiti wa nchi 9 za Ulaya, uliofuatilia karibu watu milioni moja waliopigwa siti skani kabla ya kutimiza miaka 22, ulionyesha kwamba kwa kila watoto 10,000 wanaopigwa siti skani moja, 1 au 2 wanatarajiwa kupata saratani ya damu kutokana nayo katika miaka 12 inayofuata. Idadi hiyo haimkatazi mzazi kumpeleka mtoto aliyeumia kichwa. Inamkataza yeyote kumpiga mtoto mara ya pili kwa sababu tu diski haikufunguka.

Na tunajua tafiti hizo ziliwezekanaje: vipimo vya wagonjwa vilitunzwa. Sisi tusipotunza, hata watoto wetu wakidhurika hatutajua.

6. Wataalamu wetu wenyewe walishasema

Sileti habari kutoka nje peke yake. Mwaka 2001 Wilbroad Muhogora na Nyanda walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba dozi za eksirei za kawaida hapa Tanzania zinaweza kupunguzwa. Mwaka 2006 Ngaile na Msaki walichapisha makadirio ya dozi za viungo vya wagonjwa wa siti skani nchini, wakakuta hospitali na hospitali zinapishana sana kwa kipimo kilekile. Mwaka 2008 Muhogora aliongoza ripoti ya nchi 12 chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu. Dozi nyingi zilikuwa ndani ya viwango, lakini zilipishana hadi mara 88, na kuna mahali picha mbovu zilifika asilimia 53. Baada ya kusimamia ubora, kuna dozi zilizoshuka hadi kwa asilimia 85.

Tafakarini hapo, Waheshimiwa. Kupishana mara 88 maana yake ni kwamba pale dozi ilipokuwa juu kabisa, sehemu kubwa ya mionzi haikuwa na kazi. Mgonjwa hakuihitaji, picha haikuihitaji. Na picha mbovu ni mionzi iliyopotea bure, kwa sababu mgonjwa atarudishwa kitandani.

Desemba 2012, mjini Bonn, Ujerumani, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu na Shirika la Afya Duniani yalitoa wito wenye mambo 10 ya kumlinda mgonjwa dhidi ya mionzi isiyo ya lazima. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Nguvu za Atomu tangu 1976. Elimu ipo, wataalamu wapo, wito tumeusikia. Sisi tunaolala kitandani bado hatujaona mabadiliko kwenye karatasi tunayopewa.

7. Mgonjwa ni mmoja, wizara ni tatu

TAEC iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Hospitali za rufaa ziko Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko TAMISEMI. Kila mmoja akiulizwa juu ya dozi ya mgonjwa anaweza kumwonyesha mwenzake kwa kidole. Ndiyo maana barua hii nimeiandikia meza zote kwa pamoja. Sitaki majibu matatu. Naomba jibu moja lenye sahihi tatu.

MAOMBI YETU

a) Kila anayepigwa siti skani aandikiwe kwenye majibu yake tarehe, sehemu iliyopigwa, CTDI na DLP, na namba hizo ziingie kwenye barua ya rufaa. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja.

b) Mfumo wa GoTHOMIS, unaotunza taarifa za wagonjwa kwa kompyuta, na mifumo ya hospitali za rufaa iongezwe sehemu ya dozi ya mionzi, ili mgonjwa akifika hospitali ya pili historia yake ionekane. Kwa sasa, ambapo mtandao unasumbua, tupeni kadi. Mama zetu wametunza kadi za kliniki za watoto kwa miaka mingi, uzito kwa uzito, chanjo kwa chanjo. Kadi ya mionzi hatutaipoteza.

c) Kipimo kisirudiwe ndani ya safari moja ya rufaa bila daktari kuandika sababu na kusaini. Picha zimfuate mgonjwa kwa njia ambayo kila hospitali ya umma inaweza kuzifungua.

d) TAEC itangaze viwango rejea vya dozi kwa Kiswahili, kwa kila kipimo cha kawaida, watoto wakigawanywa kwa uzito wao, na virekebishwe kila baada ya miaka michache. Hospitali inayovuka kiwango mara kwa mara isiadhibiwe kwanza. Isaidiwe kutafuta sababu, ipewe muda wa kurekebisha, kisha ikaguliwe tena.

e) Mlangoni pa kila chumba cha mionzi pabandikwe karatasi inayoonyesha mashine ilikaguliwa lini, na nani, na ilikutwaje. Pabandikwe pia, kwa maandishi makubwa, swali kwa kila mwanamke kama ana ujauzito, na haki ya mzazi anayemshikilia mtoto kupewa aproni ya risasi.

f) Kila mkoa uwe na angalau mwanafizikia tiba mmoja wa kuzungukia hospitali, kupima mashine, kusoma dozi zilizoandikwa na kuwafundisha wateknolojia mpangilio wa watoto. Kuajiri wataalamu hawa kuna gharama, najua. Lakini kila siti skani inayorudiwa bure nayo ina gharama, na anayeilipa sasa ni mgonjwa.

KWA NINI SASA

Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na Uviko-19, na sehemu yake ikanunua siti skani kwa hospitali za mikoa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mambo haya mawili ni baraka, na kwa pamoja yana maana moja: Watanzania watakaopigwa siti skani wataongezeka kuliko wakati wowote katika historia yetu. Bima italipa, na kizuizi cha mfuko kitaondoka. Kikiondoka, kinachobaki kumzuilia mgonjwa kipimo kisicho na sababu ni utaratibu. Mkiujenga utaratibu huo sasa, wakati mashine bado ni chache, utakuwa mwepesi. Mkisubiri hadi kila wilaya iwe na siti skani, mtakuwa mnafukuzia miaka ya vipimo visivyoandikwa popote, na hakuna mtu atakayeweza kuvirudisha.

Huku kwetu, barabara ya Bagamoyo, Pangani hadi Tanga inapojengwa, mwendo unaongezeka na pikipiki zinaongezeka. Majeruhi watakaotoka Mkange kwenda Kibaha ni vijana wa miaka kumi na kitu na ishirini, wenye miaka hamsini ya kuishi baada ya mionzi watakayoipokea. Hao ndio ninaowaombea.

Naomba jibu la maandishi kabla ya Bunge la bajeti lijalo, ili fedha za ombi la f) ziwekwe na waraka wa ombi la a) uwe umetoka. Na naomba mtume mtaalamu mmoja aje kwenye mkutano wa kijiji Mkange, atueleze kwa Kiswahili milisivati ni nini, mgonjwa aulize nini, na akatae nini. Mkutano tutauitisha sisi, na watu watakuja.

Anzeni na siti skani. Namba yake imeshahesabiwa na mashine. Mwagizeni mteknolojia aiandike.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya zahanati,
Mkange.

Nakala:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Mganga Mkuu wa Serikali
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Pwani
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze